Pedali ya Tatu: Neno kwa Mafundi, Madereva na Wenye Magari wa Kashojwa

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi katika mkutano wa polisi na jamii, Kashojwa, makazi ya Nakivale

  

Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kutusikiliza. Nimeombwa niseme nanyi kwa Kiswahili, nami nimefurahi. Makazi haya yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo mwenyeji wa Isingiro anaishi jirani na Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali na Muethiopia. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni, kisimani na gereji. Kwetu sisi polisi ni lugha ya kazi tangu zamani, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi. Basi tuzungumze bila mkalimani.

Wengi wenu mlidhani nimekuja kusema habari za wizi, au ugomvi wa mipaka ya mashamba. Hayo yana siku yake. Leo nimekuja kusema juu ya kitu kidogo, kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa: swichi inayofungwa juu ya pedali ya klachi. Naomba mnivumilie, maana kitu hicho kidogo kilikaribia kuniulia mama.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu si haki polisi kuhesabu makosa ya raia huku akificha ya kwake. Miaka michache iliyopita nilinunua gari dogo lililokuwa limetumika. Lilitoka Japani likiwa na gia za otomatiki. Giaboksi yake ilikufa, na mwenye gari wa kwanza akaona ni nafuu kufunga giaboksi ya mkono. Nililijaribu barabarani, likaenda vizuri, nikalipa, nikaondoka. Sikuuliza kazi ile ilifanywaje.

Siku moja nilikuwa nyumbani kwa mama. Mpwa wangu, mtoto wa miaka 11, alitaka kusikiliza mpira kwenye redio ya gari. Alifungua mlango, akasimama nje, akaingiza mkono na kuzungusha ufunguo. Akauzidisha. Gari nilikuwa nimeliacha katika gia ya kwanza, na breki ya mkono ilikuwa imelegea bila mimi kujali. Gari likaruka mbele kama ng'ombe aliyekata kamba, likavunja nguzo ya baraza la jiko, likasimama juu ya kigoda ambacho mama alikuwa amekalia akimenya matoke. Mama alikuwa ameinuka punde tu kwenda kuchukua maji. Kigoda kilisagika. Mtoto alilia mpaka jioni, akidhani yeye ndiye mwenye hatia. Hakuwa na hatia yoyote.

Fundi aliyekuja kulitazama gari aliinama chini ya usukani na tochi. Akaniita nami niiname. Juu ya pedali ya klachi palikuwa na tundu lililotengenezwa kiwandani kwa ajili ya swichi. Tundu lilikuwa wazi. Pembeni yake palikuwa na nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kufungwa kwa utepe mweusi. Akaniambia, "Afande, gari lako linawaka katika gia yoyote, ukanyage klachi au usikanyage." Ndugu zangu, hiyo ndiyo sababu ya hotuba ya leo.

Sasa tueleze jambo lenyewe, ili hata asiye fundi alielewe. Gari la otomatiki lina pedali mbili: mafuta na breki. Gari la gia za mkono lina tatu, na ya tatu, iliyo kushoto, ni klachi. Hata ukivuka mpaka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, mpangilio wa pedali haubadiliki: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Kinachobadilika ni upande wa usukani.

Gari la otomatiki linajilinda lenyewe. Ubavuni mwa giaboksi yake kuna swichi inayojua mkono wa gia umekaa wapi. Ikiwa umekaa kwenye P au N, swichi huruhusu umeme wa kuwashia upite hadi kwenye stata. Ikiwa umekaa kwenye D au R, umeme haupiti, hata uzungushe ufunguo mara kumi. Swichi hiyohiyo kwa magari mengi ndiyo pia huwasha taa nyeupe za nyuma unapoweka gia ya kurudi nyuma.

Fundi anapoiondoa giaboksi ya otomatiki, swichi ile inaondoka nayo. Anafunga giaboksi ya mkono, anafunga klachi, anazungusha ufunguo, na gari halitoi hata mlio. Hapo pana njia panda. Njia ya kwanza ni kuzichukua nyaya mbili za kuwashia zilizobaki na kuziunganisha moja kwa moja. Ni kazi ya dakika 5, na gari litawaka. Lakini fundi huyo ameondoa mlinzi mlangoni na kuuacha mlango wazi. Njia ya pili ni kuzipeleka nyaya hizo kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili stata isipate umeme mpaka klachi ikanyagwe hadi chini. Njia hii yahitaji swichi yenyewe, waya wa unene uleule wa awali, viungo vilivyochomelewa kwa risasi na kufunikwa vizuri, na uvumilivu wa saa moja. Tofauti ya njia hizi mbili ni saa moja na fedha kidogo. Kwangu mimi, tofauti yake ilikuwa mama.

Mtaniambia, "Afande, magari mengi ya zamani ya gia za mkono hayakuwa na swichi hiyo, na tuliyaendesha." Ni kweli. Lakini dereva wa gari la zamani alijua kwamba halina mlinzi, na alifundishwa kutikisa mkono wa gia kabla ya kugusa ufunguo. Gari lililobadilishwa linadanganya. Mwenye kulizoea likiwa otomatiki anaamini bado linamlinda. Watoto wa nyumbani nao wanaamini hivyo.

Ndugu mafundi, mimi si fundi, na wengi wenu mna ujuzi nisioufikia. Wengine miongoni mwenu mliusomea Bukavu, Bujumbura, Mogadishu au Mbarara, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi nafasi ya kufanya kazi na kujitegemea. Sikuja kuwanyang'anya riziki. Nimekaa na mafundi wazoefu, nikawauliza ni yapi yanayosahauliwa katika kazi hii, nami nawaletea waliyonieleza. Ni mambo sita.

La kwanza ni mahali pa kufungia pedali. Mguu wa dereva unaisukuma klachi kwa nguvu, mamia ya mara kwa siku moja ya safari ya Mbarara. Nguvu hiyo yote inafika kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa aina zote mbili za gia yana matundu tayari kwenye ukuta huo, yamezibwa kwa vifuniko. Tumia hayo, pamoja na kibebeo cha pedali kilichotoka katika gari la aina ileile. Ukitoboa bati tupu na kufunga bolti mbili bila kibebeo cha kulikaza, bati litanepa, kisha litapasuka, na siku litakapopasuka klachi itagoma gari likiwa katika gia. Jihadharini pia na vipuri vya kuvuka mpaka: kibebeo cha gari la usukani wa kushoto hakiingii vyema katika gari la usukani wa kulia. Kukilazimisha kwa nyundo na moto wa kuchomelea si ufundi.

La pili ni pedali ya breki. Katika gari la otomatiki pedali hiyo ni pana. Ukiiacha hivyo na kuongeza klachi pembeni yake, mguu wa kushoto ukishuka kwa haraka waweza kuikanyaga breki pamoja na klachi, na gari likasimama ghafla mbele ya lori. Ibadilishwe kwa pedali nyembamba ya gari la aina ileile. Wala isikatwe kwa msumeno na kuachwa na ncha kali bila mpira. Pini inayoiunganisha na fimbo ya breki irudishwe pamoja na kishikizo chake. Kishikizo hicho kikisahauliwa, pini itatoka yenyewe, na siku hiyo breki itakuwa pambo.

La tatu ni swichi ya taa za breki, ambayo hukaa juu ya pedali ya breki. Ukibadilisha pedali, lazima uipange upya. Ikikaa mbali mno, taa zitawaka muda wote, na dereva wa nyuma hatajua umefunga breki lini. Ikikaa karibu mno, itaizuia pedali isirudi mpaka juu, breki zitajishika zenyewe na kupata moto. Funga, kisha mwambie mwenzako asimame nyuma ya gari atazame: taa ziwake pedali inapoguswa kidogo, zizimike inapoachiliwa.

La nne ni swichi za klachi zenyewe. Magari mengine yana moja, mengine yana mbili. Ya chini ndiyo ya kuwashia: hubonyezwa pedali inapofika karibu na sakafu. Ya juu huiarifu kompyuta ya gari kwamba dereva amegusa klachi, na katika magari yenye mtambo wa kushikilia mwendo ndiyo huuzima mtambo huo. Msizichanganye. Kabla ya kuikaza swichi ya chini, kwanza pangeni urefu wa pedali na mchezo wake wa bure, yaani ile nafasi ambayo pedali hushuka bila uzito wowote. Kwa magari mengi madogo mchezo huo ni milimita 5 hadi 15, lakini kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Bila mchezo kabisa, klachi itateleza na kuungua. Ukizidi sana, gia hazitaachana vizuri. Anayeipanga swichi kabla ya pedali atalazimika kuipanga mara mbili.

La tano ni taa za kurudi nyuma. Giaboksi ya mkono ina swichi yake inayobonyezwa gia ya kurudi nyuma inapoingia. Ni nyaya mbili tu. Mara nyingi zinaachwa zikining'inia, kwa sababu gari linatembea bila hizo na mteja ana haraka. Lakini tazameni uwanja wa soko letu jioni: watoto wanacheza nyuma ya magari, wanawake wamepanga nyanya chini, bodaboda zinapenya kila upande. Taa ile nyeupe ni sauti ya gari linalosema, "Narudi nyuma, nipisheni." Gari lisilo nayo ni bubu.

La sita ni breki ya mkono. Gari la otomatiki likiwekwa kwenye P, ndani ya giaboksi kuna jino linaloyashika magurudumu. Kwa hiyo wengi huishi miaka na breki ya mkono iliyokufa wasijue. Giaboksi ya mkono haina P. Kazi ya kubadilisha gia isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka breki ya mkono ilishikilie gari kwenye mteremko. Nanyi mnaijua milima ya Isingiro.

Naongeza dokezo moja juu ya mafuta ya klachi. Klachi nyingi za magari haya huendeshwa kwa mafuta ya breki. Tumieni aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, wala msitie mafuta ya injini, maana mipira ya ndani itavimba na kuharibika. Toeni hewa yote kwenye mabomba, na hakikisheni hakuna bomba linalosuguana na nguzo ya usukani.

Sasa nageukia wenye magari na madereva. Ni rahisi kumlaumu fundi, lakini fundi hafanyi kazi peke yake. Mara nyingi ni sisi tunaomwambia, "Unganisha tu waya, nina abiria wanaosubiri." Tunapunguza bei mpaka fundi anaamua kitu gani akiache. Akiacha kiti hakijafungwa tutaona. Akiacha swichi hatutaona. Basi msilipe fedha ya mwisho kabla ya kufanya majaribio haya, ambayo hayahitaji chombo chochote.

Simamisha gari mahali tambarare na pa wazi, pasipo mtu mbele wala nyuma. Vuta breki ya mkono, weka mguu wa kulia juu ya breki, hakikisha gia haimo. Zungusha ufunguo bila kugusa klachi: stata isilie. Kanyaga klachi nusu: stata isilie. Kanyaga mpaka chini: gari liwake. Kisha weka gia ya kurudi nyuma huku klachi ikiwa chini, na mtu aliyesimama kando, si nyuma, akuambie kama taa nyeupe zimewaka. Mwisho, nenda kwenye mteremko mdogo, vuta breki ya mkono, toa gia, achia breki ya mguu polepole, uone kama gari linatulia. Majaribio haya yote hayachukui muda wa kunywa kikombe cha chai.

Na wewe dereva uliyejifunzia kwenye gari la otomatiki, usiingie barabarani na abiria siku ileile gari linapotoka gereji. Jifunze kwanza uwanjani. Kila unapoegesha, vuta breki ya mkono, toa ufunguo, uuweke mfukoni. Ufunguo si mwanasesere wa watoto, hata kama redio inatangaza fainali.

Sasa neno la sheria, kwa ufupi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 inakataza kuendesha gari lenye kasoro za kimitambo zinazohatarisha watu. Kubadilisha giaboksi si uhalifu. Kulitoa gari barabarani likiwa hatari ni kosa. Ajali ikitokea, wakaguzi wa magari wa polisi hulikagua gari, na nyaya zilizosokotwa chini ya usukani zitaonekana na kuandikwa katika ripoti. Tena, giaboksi ikibadilishwa pamoja na injini, namba ya injini haitalingana tena na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Peleka mabadiliko hayo yakaandikishwe kabla ya safari. Usipofanya hivyo, siku utakapofika Kikagati au Mutukula ukitaka kuvuka kwenda Tanzania, utakuwa na gari moja kwenye karatasi na jingine barabarani.

Kuhusu vipuri, ombeni risiti, na fundi aandike katika daftari lake: tarehe, namba ya gari, kilichotolewa, kilichofungwa na kilipotoka. Giaboksi isiyo na historia yaweza kuwa imetoka katika gari la mtu aliyeibiwa, na anayeinunua akijua hivyo naye ana kesi. Daftari hilo la shilingi chache litamlinda fundi mwaminifu siku polisi watakapokuja na maswali. Nami nasema mbele ya wazee wote: askari akikusimamisha kwa kasoro ya gari, una haki ya kuonyeshwa kasoro yenyewe. Akikuomba chochote cha pembeni, tuletee habari. Ajali ikitokea, pigeni 999 au 112, bila malipo.

Wazee wetu husema ajali haina kinga. Nauheshimu msemo huo, maana zipo ajali ambazo mwanadamu hana la kufanya ila kumwachia Mungu. Lakini tusiutumie msemo wa wazee kuficha uvivu wetu. Kigoda cha mama hakikusagwa na ajali isiyo na kinga. Kinga yake ilikuwapo, ilitengenezewa tundu kiwandani, na mtu akaliacha wazi. Mwingine, ambaye ni mimi, akanunua bila kuinama kutazama.

Kwa hiyo nina ombi moja tu kabla hatujaachana. Ninyi mlio na magari yaliyobadilishwa gia, leo jioni chukueni tochi, muiname chini ya usukani, mtazame juu ya pedali ya tatu. Mkikuta swichi na nyaya zake zimekaa sawa, mshukuruni fundi wenu kwa jina lake, maana kazi njema isiyoonekana haipati shukrani. Mkikuta tundu wazi, rudini kwake kwa adabu, mkae naye, mkamilishe kazi. Gari langu nililirudisha gereji siku ya pili, na mpwa wangu nilikwenda naye, akaona swichi ikifungwa kwa macho yake, apate kujua kwamba kosa halikuwa lake.

Mungu awabariki, awafikishe salama waendao na warudio.